Twiga Huyu ni wa Nani? Mjadala wa Karakana

Mchoraji wa karakana ya Oysterbay, Dar es Salaam, akibuni jambo jipya, tuseme twiga watatu wanavuka daraja chini ya mwezi mwekundu, na picha hiyo ikapata mnunuzi siku hiyohiyo, kesho yake twiga hao watakuwa wanavuka daraja kwenye meza nne au tano. Juma lijalo wamefika maduka ya Slipway. Baada ya hapo utawakuta Zanzibar na Arusha, chini yao pana saini za watu ambao mbunifu hajawahi kuwaona. Yeye hurudishiwa maneno tu: “Ile picha yako inakwenda kweli.”

Je, ameibiwa, au amefundisha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, maana wanaohusika hula sahani moja na wengi wao ni ndugu. Nimeona heri litoke hadharani, nikalipa sauti nne. Wasemaji hawana majina kwa sababu si watu niliowarekodi. Ni hoja zinazozunguka kwenye karakana za picha, nikaziketisha kwenye benchi moja zikabiliane. Yuko Mzee, ambaye ameshika brashi tangu ujana wake. Yuko Kijana, mpwa wake, aliyefundishwa na mjomba kisha akapita chuo cha sanaa Bagamoyo. Yuko Mama wa Duka, anayeuza picha za wote. Na yuko Mgeni, mchoraji wa Nairobi aliyekuja kutembea.

Kwanza historia, kwa ufupi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Kanvasi hakuwa nayo, wala rangi za maduka ya wasanii. Alichukua hadibodi za kujengea dari na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, wanunuzi wakiwa zaidi wageni waliokaa Oysterbay. Zilipoanza kuuzika akawaita jamaa zake, wakakaa naye, wakamtazama, wakachora. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Waliobaki wakaendelea, mwaka 1990 kikundi kikaandikishwa kuwa chama cha ushirika, na jina la ukoo wa mtu mmoja likawa jina la mtindo mzima.

Mzee: Niliingia kazi hii nikiwa mpwa wa mtu, kama wengi wetu tuliotoka Kusini. Mjomba hakuniambia nibuni. Aliniambia nioshe brashi. Baadaye nikapewa kupaka usuli, rangi moja, bodi nzima, bila mstari wa brashi kuonekana. Halafu madoa ya chui: unachovya, unagusa, unainua, mamia kwa mamia, mpaka unayaota usiku. Mistari ya kwanza kabisa, ile inayotoa umbo la mnyama, ndiyo nilikabidhiwa mwisho. Siku nilipochora tausi ambaye mjomba mwenyewe alishindwa kumtofautisha na wake, akasema sasa nitafute meza yangu. Hicho ndicho kilikuwa cheti. Leo nasikia kwamba siku ile nilikuwa mwizi.

Kijana: Shikamoo, mjomba.

Mzee: Marahaba. Haya, sema.

Kijana: Hakuna aliyekuita mwizi. Mwanafunzi asipoiga ataanzia wapi? Lakini wewe ulihitimu. Hawa wanaochukua picha yangu leo nao walihitimu zamani, wana meza zao, wana wake na watoto shule. Mtu wa namna hiyo anaiga ili ajifunze nini? Na tumtazame mwenyewe aliyetupa jina. Wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini, akajua kumbe inawezekana. Sawa. Ila hakuchora picha za Wakongo. Alichora mnyama mmoja mkubwa katikati ya bodi, nyuma yake rangi tupu, jicho linakutazama. Alichotuachia sisi kama urithi ni kuthubutu. Tumeurithi mnyama, kuthubutu tumekuacha pale Morogoro Stores.

Mzee: Maneno ya chuo hayo. Niambie, shetani wa vinyago vya Kimakonde ni wa nani?

Kijana: Wa Wamakonde.

Mzee: Si kweli. Ni wa Samaki Likankoa. Miaka ya 1950 hakuna aliyekuwa akichonga zile sura zilizopinda, zenye jicho moja, zenye kiungo kinachotokea pasipotarajiwa. Samaki akachonga. Wenzake wakaona, wakachonga. Angewafungia shetani wake sandukuni, soko lote la vinyago la Mwenge leo lingekuwa linauza nini? Familia ngapi zimekula kwa jambo alilofikiri mtu mmoja? Sisi tunaiita hiyo baraka, ninyi mnatafuta askari.

Kijana: Mjomba, umelitaja jina lake kwa sababu wewe ni mtu mzima na unajua. Twende Mwenge sasa hivi, tuwasikilize wauzaji wakizungumza na wateja. Utasikia “hiki ni shetani, hiki ni ujamaa, huu ni mpingo safi.” Jina la Samaki hutalisikia. Baraka wamegawana, aliyeileta wamemsahau. Hapo ndipo ninapougua.

Mzee hakujibu mara moja. Mimi nadhani kila mmoja alimgusa mwenzake mahali penye uzito, na kwamba Mzee ana haki zaidi kuliko vijana wengi wanavyotaka kukubali. Mtindo huu usingekuwapo kama wale jamaa wa mwaka 1972, baada ya mazishi, wangesema picha hizi ni za marehemu na sisi hatuna ruhusa. Kunakili ndiko kulikouokoa. Tena uigaji wa karakana si kazi ya mkono peke yake. Anayerudia tausi mara mia hujifunza rangi hii hukauka lini juu ya ile, unasubiri nini kabla ya kuweka nyeupe, siku ya mvua unaanza na nini wakati rangi ya mafuta inakataa kushika. Haya hayamo kitabuni. Lakini hoja ya Kijana imesimama palepale, na wa kuipima ni yule anayeshika fedha.

Mama wa Duka: Mnagombana juu ya heshima, na mimi ninagombana na kodi ya pango. Mteja anakuja na simu mkononi. Ananionyesha picha aliyoiona kwa rafiki yake. “Nataka kama hii, lakini iwe ya bluu, na tembo wawe wawili.” Aliyeibuni amekwenda msibani Tunduru. Nimwambie mgeni arudi baada ya juma? Ndege yake ni usiku. Nampa oda kijana aliye karibu, anachora, tunauza. Na wala haulizi nani kachora. Anauliza itaingia kwenye begi? Mnadhani kwa nini tumeacha hadibodi tukaenda kwenye kitambaa? Bodi ya futi nne kwa nane ilikuwa inatoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, vizuri sana, vinadumu, lakini vizito. Kitambaa unakitoa kwenye fremu, unakikunja, kinasafiri. Begi la mtalii ndilo limeamua ukubwa wa sanaa yenu, si chuo wala mjomba.

Kijana: Kwa hiyo kunakili kuna faida kwako.

Mama wa Duka: Subiri nimalize. Siku ya kwanza kuna faida. Siku ya kumi, picha ile iko kwenye vibanda vyote. Mteja anasimama kwangu, anasema kule chini wamemwambia bei nusu. Nashusha. Kule chini nao wanashusha. Mwisho tunauza kwa gharama ya rangi na kitambaa, mchoraji anabaki na nauli. Na mteja aliyewaona twiga walewale mara tano kutoka kibanda cha kwanza mpaka hapa anaamini zimetoka kiwandani. Amewahi kuniuliza mmoja, “Hizi zinatoka China?” Mtu mbele yake ana brashi mkononi, rangi mpaka kwenye viwiko!

Hii ni hoja ambayo watetezi wa uigaji hawapendi kuijibu. Kila nakala huchukua kidogo kutoka kwa mbunifu, na huchukua pia kutoka kwa aliyenakili. Wingi unashusha bei ya wote, na bei ikishuka mchoraji anaongeza kasi, akiongeza kasi anapunguza madoa ya chui, na chui wa madoa machache hushusha bei tena. Yeyote aliyetazama picha za vibandani kwa makini ameona ndege wenye jicho lililowekwa kwa haraka. Umaskini wa jicho lile una hesabu nyuma yake.

Mgeni: Niingie hapo. Kwetu Nairobi mtu akichora kitu chako, hiyo ni vita. Kila mmoja ako na studio yake, ama kona yake, na anataka akitajwa watu waone kazi yake kichwani, si ya jirani. Pale kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Mzee Elimo Njau alikuwa na usemi ambao kila msanii wa Kenya anaujua, kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Tumelelewa na hilo. Taasisi ya sanaa ya Kuona ilipoanza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho, halafu GoDown mwaka 2003 kwenye ghala kuukuu la Industrial Area, halafu vijana wa kikundi cha Brush Tu wakakodisha kwao Buruburu mwaka 2013, wazo lilikuwa lilelile: mje pamoja, lakini kila mtu atafute sauti yake. Mwenzako anaingia kwa studio yako, anasimama, anakuambia hapa umeweza, hapa umeogopa. Hiyo ndiyo shule. Nyinyi hapa mnaambiana aje kama wote mnachora kitu kimoja?

Mzee: Karibu sana, mgeni wetu, na usemi huo naujua. Njau ni mtu wetu, mzaliwa wa Marangu. Lakini Njau alisoma Makerere. Aliketi darasani akafundishwa na walimu wa kulipwa, na hao walimu walimwonyesha picha za dunia nzima, kisha wakamwambia sasa kuwa wewe. Ni vizuri. Mimi Makerere yangu ilikuwa bega la mjomba. Ukimwambia mtu asinakili, mpe basi kingine cha kutazama! Na niulize kwa heshima: Kuona iko wapi leo?

Mgeni: Ile ya zamani haiko. Wasanii wenyewe waliendelea kwa njia yao, lakini ile taasisi ilikwisha.

Mzee: Na Paa ya Paa iliungua mwaka 1997.

Mgeni: Iliungua, ndio. Lakini mzee, moto si hoja.

Mzee: Moto si hoja, nakubali. Fedha ni hoja. Kwenu mfadhili akikunja mkeka, kila msanii anabaki na sauti yake na hana paa. Sisi tangu 1968 tupo, kwa sababu wa chini kabisa, asiye na kipaji kikubwa, anapata mkate kwa kunakili. Kikundi hakimtupi.

Mgeni: Na wafadhili wa Uswisi hawakuwasaidia nyinyi kusimama miaka ya tisini?

Mzee: *(anacheka)* Umesoma.

Mgeni: Nimesoma kidogo. Na nitakupa kitu kingine bure, kwa sababu hiki ni cha upande wako. Uchongaji wa Wakamba, ule unauona Mombasa na kila duka la hoteli Kenya, ulitoka huku kwenu. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani, majirani wakamwona, wakachonga. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaunda chama cha ushirika pale Changamwe. Kwa hivyo siwezi kuja hapa nikajifanya kwetu hakuna mtu amekula kwa kuiga. Lakini tazama kilichofuata: miaka na miaka swala yuleyule, Mmasai yuleyule wa mti mwenye mkuki, na msitu wa muhugu ukaisha. Waliohangaika kutafuta mti mwingine ni wengi kuliko waliohangaika kutafuta umbo lingine.

Hapo Mama wa Duka alisema “kweli kabisa,” na nadhani alikuwa anafikiria rafu zake. Kijana alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Aliporudi alirudi na sheria.

Kijana: Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Picha niliyoichora mimi ni yangu tangu rangi inapokauka, hata kama sijaenda Cosota, ofisi ya hakimiliki, kuiandikisha. Haki hiyo inaendelea maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa kwangu. Anayeinakili na kuiuza bila ruhusa amevunja sheria. Hakuna kipengele kinachosema isipokuwa kama ni jirani yako.

Mgeni: Ya kwetu nayo ni hivyo, ya 2001. Lakini sheria inalinda picha, hailindi mtindo. Mwaka 2010 kulikuwa na vikatuni vya watoto, *Tinga Tinga Tales*. Vilitengenezwa Nairobi, vikaonyeshwa na BBC. Wanyama wa mtindo huu, rangi za mtindo huu, jina hilihili. Watoto wa Ulaya wameujua mtindo wa Dar es Salaam kupitia studio ya Nairobi. Na mtindo hauna mwenyewe mahakamani.

Kijana: Ndiyo maana sidai mtindo. Chui wa madoa ni wa wote, mlima wenye theluji nyuma ni wa wote. Nadai twiga wangu watatu, daraja langu na mwezi wangu. Na kuna jambo lingine ambalo nadhani wengi hapa hawajalipigia hesabu. Mzee Tingatinga alifariki 1972. Ongeza 50. Kwa sheria ile ilivyoandikwa, ulinzi wa picha alizochora mwenyewe ulifika mwisho wake na mwaka 2022. Kuanzia 2023 mtu yeyote anaweza kuzichapa kwenye vikombe na fulana, na hana wa kumwuliza.

Mzee: Hata familia yake?

Kijana: Hata familia yake.

Mama wa Duka: Basi sheria yenyewe haina macho. Picha za marehemu zinachapwa na wenye mitambo, na sisi tumekaa kugombania twiga. Halafu mwanangu, hebu niambie ukweli. Utampeleka nani mahakamani? Mtoto wa shangazi yako? Kesho kutwa mama yako akiumwa, nani atakayepita meza kwa meza na kofia kuchangisha nauli ya hospitali?

Kijana: Simpeleki mtu.

Mama wa Duka: Sasa hiyo sheria unaibebea nini?

Kijana: Nijue tu kwamba sijichanganyi ninapoumia.

Nilipofika hapa nilidhani mjadala umekwisha, maana pande zote zilikuwa zimeweka karata mezani: elimu, soko, ushindani, sheria, undugu. Ningeweza kutoa hukumu ya katikati na kila mmoja akarudi kwenye rangi zake. Lakini lipo jambo ambalo ukikaa karakana za picha utaliona kwa macho kabla hujalisikia kwa masikio. Picha fulani zimegeuzwa, uso ukutani.

Mgeni: Nimeona pale kwa meza yako kitambaa kimeangalia ukuta. Ni nini hicho?

Kijana: Bado hakijaisha.

Mgeni: Hata cha mwenzako pale hakijaisha, lakini kimeangalia watu.

Kijana: *(baada ya kimya)* Mjomba anisamehe. Picha zangu mpya sizichori hapa. Nachora nyumbani, usiku, kwenye taa. Hapa nachora zile za kila siku, za oda. Mpya nikiileta naigeuza ukutani mpaka mteja aje; hapo naigeuza tena, anaiona yeye peke yake, naikunja. Na si mimi tu. Wapo watu wazima hapa wanaofanya hivyo zaidi kuliko mimi.

Mzee: Tangu lini?

Kijana: Tangu wale twiga.

Mzee: Kwa hiyo miaka yote hii ninakuona unachora tembo wale wale, ninasema moyoni huyu mtoto ameishiwa, kumbe una kazi usiyonionyesha mimi. Mimi! Niliyekushika mkono ukaweka doa la kwanza.

Kijana: Nikikuonyesha wewe, meza ya pembeni inaona.

Mzee: Na ungenionyesha ningekwambia nini? Labda daraja lile limekaa juu mno. Labda mwezi unakula twiga. Nani anakwambia hayo huko nyumbani?

Kijana: Hakuna.

Wachumi watahesabu shilingi zilizopotea, wanasheria watahesabu makosa, na wote watakuwa sahihi, lakini kwa maoni yangu hasara kubwa ya kunakili bila kipimo iko hapa, kwenye mazungumzo. Karakana ya pamoja ina faida moja ambayo chumba cha kupanga hakina: jicho la mwenzako. Redio inasema mambo ya Simba na Yanga, mtu anapita na kikombe cha chai, anasimama nyuma yako, anasema “huyu pundamilia miguu yake inakwenda wapi?” Dakika hiyo ina thamani kuliko rangi mpya. Ikiwa mchoraji anaogopa jicho hilo, analipa kodi ya karakana ili apate nini? Kivuli tu. Mzee alitetea uigaji akidhani anatetea shule, na shule hiyohiyo imekwisha kuhamia usiku, kwa watu wanaochora peke yao bila mwalimu.

Na nisiwapendelee wa Nairobi, kwani Mgeni mwenyewe alikuwa na lake.

Mgeni: Sisi hatugeuzi picha ukutani. Tunafunga mlango. Mtu anakuja kutoka nje, mwenye galari, anatafuta wasanii watatu wa maonyesho ya ng'ambo, na kwenye studio mko kumi na wawili. Siku hiyo hakuna anayekuambia hapa umeogopa. Kila mtu anakuambia ni poa, ni poa sana. Kukosoana kunakwisha polepole, kunabaki kusifiana. Nilisema shule yetu ni kuambiana ukweli. Ilikuwa hivyo. Siku hizi ukweli unausikia zaidi kwa yule asiyetafuta kitu unachotafuta.

Mama wa Duka: Basi wote wagonjwa. Nani ana dawa?

Mzee: Mzee Lilanga, Mungu amrehemu, aliyekuwa pale Nyumba ya Sanaa, miaka ya mwisho alikuwa na vijana wengi wakimsaidia kupaka rangi. Mchoro ulikuwa wake, rangi ilikuwa yao. Kulikuwa na mpaka, hata kama haukuandikwa.

Kijana: Kulikuwa na jina moja, mjomba, na vijana wale majina yao hatuyasikii. Hata hiyo si dawa kwangu. Lakini neno mpaka nalichukua.

Mama wa Duka: Mimi nina daftari. Kila picha inayoingia dukani naiandika: nani kaleta, lini, bei gani. Mnadhani ni vigumu kuongeza mstari mmoja, nani kaanza? Mtu akileta jambo jipya, watu wazima wawili walitazame, waseme ndiyo hili ni jipya, liandikwe. Msimu mmoja wa watalii ni lake peke yake. Akija mteja anataka kama ile na mwenyewe hayupo, anayeichora ampe mbunifu fungu lake, kama tunavyompa dalali. Dalali tunampa bila ugomvi kwa kumleta mteja tu! Msimu ukiisha, twiga ni wa ukoo.

Mzee: Na nani ataamua lipi ni jipya? Tembo wawili badala ya mmoja ni jipya? Mtapigana hapo.

Kijana: Tutapigana. Afadhali tupigane tukitazama picha.

Mzee: Msimu mzima ni mrefu. Mtu ana njaa na anajua kuchora kile kinachouzika.

Mama wa Duka: Basi nusu msimu. Mzee, wewe sema unachoweza.

Mzee: Nusu. Na mwanafunzi asizuiwe. Anayejifunza anakili chochote, ila asiuze.

Kijana: Hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Hawakumaliza. Mgeni aliuliza itakuwaje kwa vibanda vya nje ya kikundi, ambako daftari la Mama halina nguvu, na hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Kwa kweli hakuna daftari litakalozuia twiga kufika Zanzibar. Lakini mimi nitashika upande, kwa sababu mjadala usiokuwa na hukumu ni porojo: Mama wa Duka ana hoja bora kuliko sheria na bora kuliko usemi wa Njau. Sheria humfaa mwenye nguvu za kushitaki. Katazo la kunakili humfaa aliyesoma. Daftari linamfaa mtu aliyekaa meza ya pembeni na ndugu yake, anayetaka kesho amwonyeshe kazi bila hofu. Mpaka wake ni mdogo, unaeleweka, na unamruhusu anayeanza kazi aendelee kuosha brashi na kurudia tausi mpaka mkono ukubali. Vikundi vya wachoraji, vya wachongaji, vya washona vikoi na wasuka mikeka vinaweza kuanza na daftari kama hilo bila kusubiri mfadhili wala wizara.

Nawe msomaji, ambaye labda utanunua picha ya ukutani mwaka huu: kabla hujauliza bei, uliza nani alikuwa wa kwanza kuichora hii. Muuzaji akijua, mlipe bei yake. Asipojua, mwombe aulize, na rudi kesho.